Basi Refu, Sehemu ya Saba: Mheshimiwa Apelekwa Siti ya Nyuma

Mlango ulifunguka upana wa vidole viwili, ukakwaruza saruji, ukagoma.

Hapo ndipo tulipoagana, msomaji, na najua wiki nzima umenisema vibaya. Basi nisikucheleweshe. Watu mia moja na sitini bado wako ndani ya basi jipya. Mheshimiwa Waziri, mgeni rasmi wa uzinduzi, bado yuko siti ya kwanza. Bendi bado iko kituoni na mashavu yamevimba, inasubiri ashuke ndipo ipulize.

Na yule mwanamke aliyerekodiwa, mwenye sauti ya mtu anayemung'unya peremende, anaendelea kutangaza: "Milango inafunguliwa. Tafadhali shukeni kwa utaratibu."

Utaratibu ulikuwepo. Pa kushukia ndipo palipokosekana.

Kwenye usukani alikuwa Bibi Usukani. Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, huyu ndiye mwanamke wa kwanza kufaulu kuendesha basi refu, lile la vipande viwili vilivyoungwa katikati kwa mpira wa kukunjika. Miaka mitatu ya mafunzo. Miaka mitatu ya kuulizwa na wanaume kama miguu yake inafika kwenye breki. Sasa alibonyeza kitufe cha mlango kwa mara ya nne, na mlango ukatoa mlio wa mtu aliyekanyagwa kidole.

"Fungua!" Mkurugenzi wa mradi alifoka kutoka jukwaa la kituo.

Mkurugenzi mnamjua. Ndiye Bwana Tayari, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hana jibu jingine. Barabara ya mabasi? Tayari. Taa za kituo? Tayari. Vyoo vya abiria? Tayari, bado maji tu.

"Nimefungua, Bwana Mkurugenzi. Umekwama."

"Umeegesha vibaya!"

"Nimeegesha juu ya mstari. Njoo upime mwenyewe."

Bwana Tayari hakwenda kupima. Aliwageukia waandishi wa habari, akapanga tai yake, akatabasamu.

"Ndugu zangu, ni kosa dogo la kibinadamu. Dereva ameshikwa na woga. Mnajua tena, mama wa watu, mara ya kwanza mbele ya wakubwa. Tutachukua hatua."

Dirisha la dereva lilikuwa upande huohuo wa jukwaa, kwa hiyo Bibi Usukani alisikia kila neno. Alijua hizo hatua ni zipi. Kanuni ya mradi inasema dereva atakayepatikana na kosa siku ya uzinduzi hatagusa tena basi refu maisha yake yote. Bwana Tayari aliwasomea madereva kanuni hiyo mara mbili, na mara zote mbili alikuwa akimtazama yeye.

Wakati huo Fundi Mkuu alikuwa amelala kifudifudi jukwaani, suti na kila kitu, akichungulia chini ya mlango. Huyu ni mume wa dada yake Bibi Usukani, dada wa tumbo moja. Aliponyanyuka uso ulikuwa umempauka. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dereva.

"Shemeji," alinong'ona, "basi limeshuka."

"Limeshukia wapi, na mimi niko ndani?"

"Limekaa chini. Likiwa tupu, sakafu inalizidi jukwaa kwa vidole vinne. Leo limejaa, limelala. Mlango unafungukia nje, na ncha yake ya chini imegonga ukingo wa jukwaa."

"Nilisema."

"Ulisema, shemeji."

Na kweli alisema. Wenye kumbukumbu watakumbuka sehemu ya nne, alipoomba mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu mia na sitini ili basi lijaribiwe likiwa limeshiba. Bwana Tayari akakataa: mchanga utachafua sakafu kabla Mheshimiwa hajaikanyaga. Bibi Usukani akaomba basi wapande watu wa kweli. Hapo ndipo Bwana Tayari alipokuja juu. Mtu akae kwenye kiti kabla ya mgeni rasmi? Viti bado viko kwenye nailoni!

Hivyo kwa miezi mitatu basi lilizunguka jiji zima likiwa tupu. Lilisimama vituo vyote ishirini na viwili, likafungua milango, likasubiri, likafunga, likaondoka. Milango ilifunguka vizuri sana. Ilikuwa inashusha hewa.

"Tupunguze watu, basi," alisema Bibi Usukani. "Uzito ukipungua litanyanyuka, na mlango utafunguka."

"Ndiyo. Ila ili watu wapungue, lazima mlango ufunguke kwanza."



"Nilisogeze mbele?"

"Mlango usipofungika kabisa, na huu umekwama, breki haziachii. Limeundwa hivyo. Kwa usalama."

"Tuvunje kioo. Nyundo za dharura ziko wapi? Naona vishikizo vitupu."

Fundi Mkuu alivitazama vile vishikizo. "Ziko stoo. Bwana Tayari alizifungia zisiibiwe."

Bibi Usukani alifumba macho akahesabu mpaka tano. Alipoyafumbua, shemeji yake alikuwa amesogea karibu zaidi, paji la uso likigusa kioo.

"Shemeji, nakuomba jambo. Sema tu uliegesha vibaya. Watakupa barua ya onyo, yataisha."

"Barua ya onyo! Wewe na mimi tunajua si barua. Wananitoa kwenye usukani."

"Nina watoto wanne."

"Nawajua, mimi ndiye mama yao mdogo. Wanahusikaje na mlango?"

"Dada yako..." Akageuza shingo kutazama turubai walikokaa jamaa za wafanyakazi, mkewe miongoni mwao.

"Dada yangu kafanya nini?"

Alijifuta jasho kwa tai. Msomaji, mtu huyu alikuwa nje, kwenye upepo, na alikuwa akitoka jasho kuliko wote waliofungiwa ndani. Sisemi kitu, nakuonyesha tu.

Ndani nako hali ilikuwa imechafuka. Kiyoyozi kilikuwa kimezidiwa. Nailoni za viti zilikuwa zimegandamana na suruali za waheshimiwa, na kila aliyejaribu kujigeuza alitoa mlio wa aibu. Diwani mmoja alijifanya anakohoa ili kufunika wa kwake.

"Wewe! Mke wa mwanangu!"

Sauti hiyo Bibi Usukani angeitambua hata usingizini. Siti ya nne alikuwa mama mkwe wake, aliyealikwa kama mwakilishi wa abiria wazee. Tangu siku ya harusi, mama huyu hajawahi kumsifia mkwewe hata kwa kuchemsha maji.

"Abee, mama."

"Umetufungia humu kama kuku wa sokoni?"

"Naomba dakika moja, mama."

"Dakika za kukaa na mume wako huna, leo unaziomba kwangu? Nilimwambia mwanangu, mwanamke anayependa gari kubwa hivi, nyumba ataiona ndogo."

Watu wakacheka. Hata Mheshimiwa alitikisika mabega. Bibi Usukani hakucheka. Alikuwa akitazama ule mpira wa kukunjika katikati ya basi, na wazo lilikuwa limemwingia. Basi lina vipande viwili. Kipande cha mbele kikimwagwa watu, kitanyanyuka, na mlango wa mbele utaachia.

Alichukua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, dereva anaongea. Naomba wote mlioko kipande cha mbele mhamie kipande cha nyuma. Wote, sasa hivi."

Hakusogea mtu.

Badala yake alisimama afisa itifaki, kijana mrefu mwenye orodha mkononi. "Dereva, hilo halipo kwenye ratiba. Viti vimepangwa kwa vyeo. Hakuna anayesimama kabla ya Mheshimiwa."

"Sawa. Asimame Mheshimiwa kwanza."

"Mheshimiwa haambiwi asimame."

"Basi aombwe."

"Na akisimama haendi nyuma. Nyuma wamekaa watu wa kawaida."

"Mlitengeneza basi la nani, kwani?" alidakia mtu wa kawaida kutoka nyuma.

Afisa itifaki alitafuta jibu kwenye orodha yake, hakuliona. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa akitazama mbele kimya, jasho likimtiririka hadi kwenye kola, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nadhani alitaka kusimama tangu zamani. Alikosa tu mtu wa kumruhusu.

Mama mkwe ndiye aliyejitokeza. Alijibandua kwenye kiti kwa mlio uliosikika basi zima, na hakumwonea haya mtu. Akaenda mpaka siti ya kwanza.

"Mheshimiwa, mwanangu, inuka twende nyuma. Au na wewe hujatolewa nailoni?"

Mlinzi akasogea. Mheshimiwa akamzuia kwa mkono. Halafu, wallahi, akacheka kicheko cha tumboni, akainuka, akampa yule mama mkono, wakaanza kutembea kuelekea nyuma. Suruali yake nayo ililia, na safari hii hakuna aliyekohoa.

Kuona hivyo, kipande chote cha mbele kilisimama. Walibanana kule nyuma mpaka yule diwani akajikuta amepakatwa na mpiga kura wake. Mheshimiwa alipata siti ya mwisho kabisa, juu ya injini, kati ya mwalimu wa chekechea na fundi viatu. Wanasema fundi viatu alianza palepale kumweleza habari za vitongoji vya mwisho, kule ambako mtu hutembea saa nzima kabla hajaiona lami. Alimweleza kwamba njia isipoongezwa mpaka kwao, basi hili watalisikia redioni tu. Mheshimiwa alikuwa aitie saini nyongeza hiyo akishashuka. Kwa mara ya kwanza alielezwa na mtu anayeitembea.

Kipande cha mbele kilitoa pumzi ndefu. Kikanyanyuka kidole kimoja. Kikanyanyuka viwili.

"Milango inafunguliwa," alisema yule wa peremende, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Mlango wa mbele ulianza kuachia, polepole, robo, theluthi, nusu. Nje watu walishangilia. Bendi ikapuliza. Bibi Usukani alihisi machozi yanamlenga, akasema moyoni, "Nimepona."

Haraka ya nini, mama?

Bwana Tayari alipouona mlango umefika nusu, alifikiria jambo moja tu, nalo ni picha. Nani ataonekana gazetini akimpa Mheshimiwa mkono? Akajirusha kwenye upenyo, bega la kwanza, tumbo la pili. Na kule nyuma, wakubwa walipouona mwanga wa nje, walifikiria picha hiyohiyo. Wakatimka mbio kurudi mbele, wote kwa mpigo.

"Rudini!" alipiga kelele Bibi Usukani. "Rudini nyuma! Litashuka!"

Likashuka.

Mlango uliuma ukingo wa jukwaa, ukasimama palepale ulipofika. Bwana Tayari alikuwa amefika nusu. Kichwa, mkono mmoja na bahasha ya nyaraka vilikuwa ndani ya basi. Vingine vyote, tena vile vipana, vilibaki nje vikiwatazama waandishi wa habari. Kamera hazikulala.

"Nivuteni!" aliomba.

"Ndani au nje?" aliuliza afisa itifaki.

Mheshimiwa alipasua kundi, akaja akasimama mbele ya kile kichwa. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Bwana Mkurugenzi. Basi hili lilijaribiwa?"

"Tayari, Mheshimiwa! Mzigo kamili, watu mia na sitini!"

"Likiwa na watu?"

"Fomu hii hapa!" Mkono ukapunga bahasha. "Amesaini Fundi Mkuu, na amesaini dereva huyuhuyu! Yeye ndiye aliyelipitisha. Kama kuna uzembe, muulizeni yeye."

Mheshimiwa alitoa karatasi, akaisoma, akamkabidhi Bibi Usukani.

"Hii ni sahihi yako?"

Bibi Usukani aliitazama. Fomu ya Jaribio la Mzigo Kamili, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Hajawahi kuiona maishani mwake. Chini palikuwa na jina lake, lakini mkono haukuwa wake. Aliujua mkono ule vizuri sana. Mkia ule mrefu unaopita chini ya jina zima ni wa dada yake. Ndiye aliyekuwa akimsainia ripoti za shule, jina la baba juu na mkia chini, ili mdogo wake asichapwe.

Aligeuka dirishani. Fundi Mkuu alikuwa bado pale.

"Nilijua ungekataa kusaini," alinong'ona. "Wangenifukuza. Nikarudi nayo nyumbani. Dada yako ndiye aliyesema, lete hapa."

Ningependa kukuambia kwamba Bibi Usukani alikuwa mtulivu. Hapana. Alitaka kumvuta shemeji yake kwa ile tai mpaka apite dirishani. Alimchukia kwa muda wa pumzi tatu hivi. Halafu akamwona dada yake akilini, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, ameinama juu ya ripoti na ulimi umetokeza kando ya mdomo, anaandika kwa uangalifu. Akisema sahihi si yake, swali la pili litakuwa ni ya nani, na jibu la swali hilo ni kituo cha polisi. Akisema ni yake, kesho usukani atashika mwingine.

Alimpenda dada yake. Na basi lile alilipenda pia, sioni haya kusema.

"Nakuuliza, dereva," alisema Mheshimiwa. "Ni yako, au si yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Mmesikia!" kilisema kichwa cha Bwana Tayari. "Sikuwaambia?"

Afisa itifaki alinyoosha mkono kudai ufunguo. Bibi Usukani aliuchomoa. Injini ikazima, na yule wa peremende akakatika katikati ya neno.

"Rudisha huo ufunguo ulipokuwa."

Mama mkwe alikuwa anakuja, viwiko mbele, akipangua wakubwa kwa wadogo. Alimpokonya mkwewe ile karatasi kabla mlinzi hajajua la kufanya, akaishika mbali na macho, akashindwa kusoma, akampa afisa itifaki.

"Soma tarehe. Kwa sauti, usiogope."

"Tarehe kumi na nne."

"Saa?"

"Saa nne asubuhi."

"Tarehe kumi na nne mimi nilikuwa nimelazwa, nimepasuliwa jicho. Nina watoto saba, na wote saba walikuwa na shughuli. Huyu hapa ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu tangu alfajiri mpaka jioni, ananilisha kwa kijiko. Na nilimgombeza, kijiko kilikuwa kikubwa." Akapumua. "Wauguzi wa zamu ile wako hai, waulizeni. Mke wa mwanangu hajui kupika na hajui kudanganya. Leo amejaribu hilo la pili, na mmeona wenyewe alivyoshindwa."



Bibi Usukani alimtazama yule mama. Miaka tisa alikuwa akiyasubiri maneno kama hayo kutoka kwake, na yamekuja kumwangamiza dada yake. Alitamani kumkumbatia na kumziba mdomo kwa wakati mmoja.

"Mama, nakuomba, nyamaza."

"Sinyamazi. Aliyeandika jina lako namtaka mbele yangu."

Mheshimiwa alikuwa amekwishageukia dirisha la dereva. "Fundi Mkuu, wewe pia umesaini. Siku hiyo ulikuwa na nani?"

Dirishani hapakuwa na mtu. Mbali, nyuma ya bendi, suti iliyochafuka tumboni ilikuwa ikikata mbuga kuelekea barabarani, tai ikipepea begani, na haikugeuka nyuma hata mara moja.

Halafu watu waliobeba mabango ya kumkaribisha Mheshimiwa wakapisha njia. Mwanamke mmoja alipita katikati yao, mtoto wa mwisho mgongoni, akaja akasimama hasa pale mumewe alipokuwa amesimama. Hakumtazama Mheshimiwa. Hakukitazama kile kichwa mlangoni. Alimtazama mdogo wake tu, akapitisha mkono dirishani.

"Mwachieni ufunguo wake," alisema. "Nipeni kalamu, niwaonyeshe."